Kikokotoo ni nini, na kwa nini kinagombaniwa?

Kamusi itakuambia kikokotoo ni kifaa cha kufanyia hesabu. Litamke neno hilo kwenye chumba cha walimu Tanzania, hakuna atakayekuletea kifaa, utaletewa malalamiko. Kwa watumishi, kikokotoo ni kanuni ya kukokotoa mafao ya uzeeni: ukistaafu utashika shilingi ngapi kwa mkupuo, na ngapi zitaingia benki kila mwezi mpaka siku yako ya mwisho.

Mzozo ulianza 2018, mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ilipounganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Wanachama wa PSPF na LAPF walizoea mkupuo wa asilimia 50. Wa mifuko mingine, 25. Kanuni mpya ikawaweka wote kwenye 25. Kelele zikapanda, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaisitisha, ile ya zamani iendelee hadi 2023. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa kundi lililokuwa na 50, na 35 kwa lile la 25.

Mabishano huishia kwenye asilimia hizo, wakati asilimia ni namba moja tu kati ya tatu za kanuni; nyingine ni ya kugawia miezi uliyochangia, na ya kuzidishia mkupuo. Chukua mtumishi wa kundi la 50, aliyechangia miezi 360, wastani wa mshahara wake sh 1,000,000, yaani milioni 12 kwa mwaka. Zamani ulichukua 360, ukagawa kwa 540, ukazidisha kwa milioni 12: pensheni ya mwaka ni milioni 8. Nusu yake ikazidishwa kwa 15.5, mkupuo ukawa milioni 62. Nusu iliyobaki ikagawanywa kwa 12: sh 333,333 kila mwezi.

Siku hizi 540 imekuwa 580, na 15.5 imekuwa 12.5. Pensheni ya mwaka inashuka hadi sh 7,448,276, mkupuo wa asilimia 40 unakuwa milioni 37.2, na kila mwezi anapata sh 372,414. Hata wakimrudishia asilimia 50 yake kesho, mkupuo utafika milioni 46.6 tu. Pengo lililobaki, zaidi ya milioni 15, limetoka kwenye namba mbili ambazo hakuna anayezipigia kelele.

Serikali ina hoja zake: mkupuo mkubwa ulikuwa unaielemea mifuko, wanachama hawakuwa sawa, na pensheni ya kila mwezi haimaliziki kama fedha za mkupuo. Ni kweli, ingawa sehemu ya mzigo ilikuwa deni la Serikali yenyewe, la watumishi wa kabla ya 1999 waliolipwa mafao bila kuchangiwa miaka ile. Mwaka 2021 ilitoa hatifungani, yaani hati ya mkopo, ya shilingi trilioni 2.17 kulipunguza.

Mtumishi naye anakumbuka nyumba iliyosimama kwenye lenta miaka minane ikingoja bati. Mshahara haukuitosha, mkupuo ungeitosha. Bora kenda shika kuliko kumi nenda uje. Tena hiyo kumi yenyewe ni ndogo: kwa mfano wetu, kila mwezi anaongezewa kama sh 39,000, na kwenye mkupuo amepungukiwa karibu milioni 25. Akistaafu na miaka 60, pengo litakuwa limefidiwa akikaribia 113.