Kiganja Kikiwasha, Chora Visanduku Vinne

Mimi ni mwanasaikolojia, na swali ninaloulizwa kila mara kuhusu bahati na nuksi ni hili: inakuwaje msomi mwenye akili zake timamu aiogope tarehe 13? Elimu haihusiki sana hapo. Kinachohusika ni kutojua litakalotokea, pamoja na kumbukumbu inayochagua cha kushika.

Tuanze na njiwa. Mwaka 1948 B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafungia njiwa wenye njaa vizimbani, mashine ikawaletea chakula kila baada ya muda uleule, wafanye wasifanye lolote. Kati ya njiwa 8, 6 wakaanza vituko. Mmoja alikuwa akizunguka mara mbili tatu kabla chakula hakijaja. Mwingine akisukuma kichwa kwenye kona ya juu ya kizimba. Skinner akasema kila ndege alishikilia kile alichokuwa akikifanya chakula kilipotokea. Mwaka 1971 watafiti Staddon na Simmelhag walirudia jaribio hilo wakayapinga maelezo yake: mengi ya matendo yale, walisema, njiwa huyafanya tu anapongojea chakula. Sawa. Lakini nikimwona golikipa akigusa mwamba kabla ya penalti, huwa nawakumbuka njiwa wale.

Kwa binadamu, ushahidi ninaoupenda ni wa Bronisław Malinowski, mtafiti wa mila na desturi aliyeishi visiwa vya Trobriand, katika Papua New Guinea ya leo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Aliona kuwa uvuvi wa maji matulivu, usio na hatari na wenye samaki wa uhakika, haukuwa na uganga wowote. Uvuvi wa bahari kuu ulikuwa na uganga mwingi.

Vitu vyenyewe havina neno. Paka mweusi ni mkosi kwa huyu, heri kwa yule. Wanaoiogopa Ijumaa ya tarehe 13 wangeshangaa Ugiriki na Hispania, ambako siku mbaya ni Jumanne ya tarehe hiyo. Italia huogopa 17, kwa kuwa XVII ukizipanga upya herufi zake unapata VIXI, yaani "nimeishi" kwa Kilatini, kama aliyekwisha kufa.

Sasa chukua imani iliyoenea sana, kwamba kiganja kikiwasha pesa inakuja. Chora visanduku vinne. Cha kwanza: kiliwasha, pesa ikaja. Cha pili: kiliwasha, haikuja. Cha tatu: hakikuwasha, ikaja. Cha nne: hakikuwasha, wala haikuja. Karibu kila anayenisimulia habari za kiganja chake ana kisanduku cha kwanza tu. Vile vingine havina hadithi, na nani akumbuke siku ambayo kiganja hakikuwasha? Bila kuvijaza vyote vinne, hujui kitu.

Visanduku hivyo havisaidii pale nuksi inapobandikwa kwa mtu, mathalani mtoto anayeitwa mkosi kwa sababu msiba ulifuata kuzaliwa kwake. Likitokea baya, ndiye. Lisipotokea, mkosi wake haujafika. Hakuna siku itakayomsafisha. Hapo sicheki wala sibembelezi. Nawaambia wazee waache.

Hirizi ya mtihani ni jambo jingine. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walitangaza kwamba watu walioambiwa mpira wao wa gofu una bahati waliutumbukiza shimoni mara nyingi zaidi. Habari ikavuma. Mwaka 2014 jaribio likarudiwa Marekani kwa watu wengi zaidi, na tofauti ile haikuonekana. Kwa hiyo anayeniuliza kama aingie na kalamu yake ya bahati, namwambia aingie nayo, na ya akiba pia. Ninachokiogopa ni ile asubuhi kalamu inapopotea na mtahiniwa anaingia akiwa ameshajihesabu kuwa amefeli.