Daktari wa maabara hajawatupa wagonjwa

Hapa Kisumu, daktari akitoka wodini kwenda kusomea utafiti, majirani husikitika: eti ameacha wagonjwa, sasa anafuga panya. Dhana hii ni ya zamani, na si kweli.

Chukua ugonjwa wa Parkinson, ule unaomtetemesha mzee mikono na kumkaza viungo hata vifungo vya shati vikamshinda. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza mwendo wa mwili, hufa polepole. Mwaka 1957 nchini Uswidi, Arvid Carlsson, mtu aliyesomea udaktari, aliwapa sungura reserpini, dawa inayoumaliza ubongo dopamini, wakalegea, wasijongee. Alipowadunga levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, waliamka. Mwaka 1961, wagonjwa wa Parkinson huko Vienna, Austria, waliokuwa hawainuki kitandani walidungwa levodopa, na baadhi yao wakatembea. Hadi leo ndiyo dawa kuu.

Ubongo wa mtu aliye hai haukatwi kila wiki ili utazamwe. Ndiyo maana daktari hujifunza kukuza seli, kulea nzi na panya wenye kasoro ya jeni, na kupima mwendo wao bila kuwatesa. Kweli, dawa nyingi zilizomfaa panya zimeshindwa kwa binadamu. Hapo hasa ndipo anapohitajika mtafiti aliyewahi kumshika mgonjwa mkono.