Kenge bandani: kabla hujashika panga

Mvua zikianza, simu za malalamiko huongezeka ofisini kwetu wanyamapori: kenge kaingia bandani, kenge kaonekana karibu na kisima, kenge kapita uani watoto wakicheza. Hilo halitushangazi. Maji yakijaa mabondeni, naye husogea kutafuta riziki. Kinachotusumbua ni simu zinazopigwa wakati mnyama keshauawa, ngozi imeshawambwa juani, na mpigaji anataka kujua itauzwa wapi. Ndugu mwananchi, ukiuliza hivyo umeshajitaja mwenyewe.

Kenge tunaokutana nao zaidi ni wa aina mbili. Kuna kenge maji wa kandokando ya mito, mabwawa na mashamba ya mpunga, ambaye ndiye mjusi mrefu kuliko wote Afrika. Mkubwa wake hupita mita mbili toka puani hadi ncha ya mkia. Na kuna kenge wa nchi kavu, mnene zaidi wa kichwa, anayejificha kwenye mapango ya miti na mashimo ya wanyama wengine. Ndugu yao joka la Komodo, wa visiwa vya Indonesia, mwaka 2021 aliingizwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Wetu hawajafika huko, na kazi yetu ni kuhakikisha hawafiki.

Wengi hawajui kenge anakula nini zaidi ya kuku wao. Anakula kaa, konokono, vyura, panya, nyoka na mizoga. Kenge maji hufukua viota vya mamba na kula mayai. Vijiji vinavyotulalamikia kila mwaka kuhusu mamba, baadhi yake ndivyo vinavyoua kenge kwa wingi. Tunaomba jambo hilo lifikiriwe.

Kuzaa kwake nako kuna maajabu. Jike la kenge maji hutafuta kichuguu chenye mchwa hai, wakati mvua imekilainisha, akachimba shimo ubavuni na kutaga mayai 20 hadi 60 kisha akaondoka. Hafukii wala halindi. Mchwa wenyewe, kwa kuwa hawavumilii nyumba yenye tundu, huliziba, na mayai yanabaki ndani kwenye joto na unyevu usiobadilika kwa miezi kadhaa. Mvua nyingine ikilowesha udongo, vitoto hutoka, vikiwa na madoa ya manjano yanayong'aa kwenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo anayebomoa vichuguu vyote ili kufyatua tofali huenda anabomoa na viota asivyoviona.

Sasa tuje kwenye imani. Kenge hanyonyi ng'ombe wala mbuzi. Midomo yake haiwezi kunyonya chochote, na meno yake yangemfanya ng'ombe apige teke kabla hajaanza. Mkia wake hauna sumu. Unachapa, tena vibaya, lakini ni mchapo tu. Kung'atwa ni jambo jingine: wataalamu wanaendelea kujadili tezi zilizomo kwenye taya za jamii hii ya mijusi, ila hatari iliyo dhahiri kwa binadamu ni jeraha chafu. Osha kwa maji mengi na sabuni, nenda zahanati, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Kichaa cha mbwa hakimo, kwani ni ugonjwa wa wanyama wanaonyonyesha. Na ile kauli kwamba kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni ibaki barazani. Tundu la sikio lipo nyuma ya jicho, linaonekana wazi. Anasikia na anakimbia mapema. Anayegoma kukimbia ni yule aliyezibiwa njia.

Mafuta ya kenge kama dawa, sitajadili. Nitasema tu kwamba ukikutwa nayo, hospitali haitakuwa kituo chako cha kwanza.

Maana sheria iko hivi. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania, Namba 5 ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma, si ya mwenye shamba wala ya aliyemwona kwanza. Kumuua au kumkamata bila leseni ni kosa. Kumiliki sehemu yake, iwe ngozi, nyama, mafuta au yai, bila nyaraka, ni kosa jingine linalojitegemea: kupatikana na nyara za Serikali. Ukikamatwa, ofisa wanyamapori huitambua nyara na kuandaa hati ya tathmini ya thamani yake. Kama ni nyama inayooza, hujazwa fomu ya inventori, yaani orodha ya vielelezo, nyara hupelekwa kwa hakimu, nawe ukiwepo, ili atoe amri ya kuiteketeza. Hatua hii maofisa wenzangu wasiiruke. Mahakama ya Rufani imewahi kuukataa ushahidi wa fomu hiyo kwa sababu mtuhumiwa hakupewa nafasi ya kusikilizwa. Kesi zenyewe huangukia kwenye uhujumu uchumi, kwa hiyo zinahitaji ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Adhabu hutegemea thamani ya nyara na jedwali la sheria alimo mnyama, na inaweza kufika kifungo cha miaka 20 hadi 30. “Nilikuwa sijui” tumeisikia.

Kwa wanaotaka kuuza nje: kenge wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo hakuna ngozi inayovuka mpaka kihalali bila kibali. Wanyamapori hai walisitishwa kusafirishwa nje ya nchi mwaka 2016. Juni 2022 lilitoka tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara kumalizia waliobaki nao, likasitishwa kabla wino haujakauka. Madalali bado wanalitembeza. Na madhara ya kuwasafirisha yameshaonekana: huko Florida, Marekani, kenge maji waliopelekwa kufugwa walitoroka au waliachiwa, na tangu miaka ya 1990 wamezaana Cape Coral hadi wanatafutwa kwa mitego.

Akiingia nyumbani, fungua mlango, ondoa watu, funga mbwa, kaa mbali. Usimmwagie maji ya moto. Usimshike mkia kwa ajili ya picha. Akiona njia ataondoka mwenyewe. Akishindwa, piga simu ofisi ya wanyamapori ya wilaya, utaje kitongoji na mahali alipojificha. Sheria inatambua kuua kwa kujihami pale maisha yanapokuwa hatarini, lakini hata hapo toa taarifa mara moja na mzoga usiguswe.

Kuhusu kuku, kenge hutembea mchana. Kuku anayechukuliwa usiku wa manane ana mwizi mwingine, pengine kanu, pengine jirani. Inua banda, weka wavu wa matundu madogo hadi chini, okota mayai kabla ya jua kali. Kifuta jasho na kifuta machozi, fedha za Serikali za kuwafariji walioathirika, viliwekwa kwa madhara ya wanyama kama tembo, simba, mamba na kiboko. Ukileta fomu ya mtetea na mayai sita tutaipokea kwa heshima na kukurudishia. Wavu utanunua mwenyewe.