Je, wajua kwa nini filamu moja ya Kitamil iliyoliza watu wengi inahusu kaka na dada, si wapenzi?

Picha la Kihindi tulilolizoea lina steringi, mpenzi wake na adui, na machozi yakimwagika basi ni wapenzi wametenganishwa. Pasamalar haiendi hivyo. Ni filamu ya Kitamil ya mwaka 1961, iliyotengenezwa Madras, jiji ambalo leo linaitwa Chennai. Mapenzi yamo na ndoa zimo, lakini hayo siyo yanayomliza mtazamaji. Kinachomliza ni kaka na dada waliokosana. Mpaka leo, ndugu wanaopendana kupita kiasi kule Tamil Nadu, jimbo la Watamil kusini mwa India, hutaniwa kwa jina la filamu hiyo.

Kisa chenyewe ni hiki. Raju na dada yake Radha ni mayatima. Raju anapoteza kazi kiwandani, na Radha, ambaye amekuwa akitengeneza midoli nyumbani na kuweka akiba kimyakimya, anamkabidhi kaka yake fedha zote. Biashara ya midoli inafunguliwa, na wanatajirika. Kisha Radha anampenda Anand, rafiki wa kaka yake tangu siku za kiwandani. Raju anawaka, baadaye anakubali na kumwozesha. Ndipo anapoingia shangazi wa Anand, mwenye ulimi usiolala, na nyumba inavunjika. Mwishoni Raju anapofuka akimwokoa mtoto na fataki za sikukuu ya Diwali, na kaka na dada wanafariki pamoja. Ndiyo, wote wawili. Mwongozaji A. Bhimsingh hakuwa mtu wa kumwonea huruma mtazamaji.

Raju ni Sivaji Ganesan, mwigizaji aliyetoka kwenye michezo ya jukwaani na ambaye mwaka 1960 alipata tuzo ya mwigizaji bora huko Cairo, kwenye tamasha la filamu za Afrika na Asia. Analia kwa uso mzima, mpaka mabega; kijana wa leo anaweza kucheka dakika kumi za mwanzo. Avumilie tu. Radha ni Savitri, na Anand ni Gemini Ganesan, aliyekuwa mume wake kweli nje ya kamera.

Lakini kwa nini kaka na dada?

Jibu liko kwenye nafasi ya mjomba. Kwa Watamil mjomba, yaani kaka wa mama, si ndugu wa kuja kusalimia na kuondoka. Mtoto anapotobolewa masikio, desturi inamtaka akae mapajani kwa mjomba. Anaponyolewa nywele za kwanza, ni hapohapo. Binti akivunja ungo, kwa desturi ya zamani mjomba ndiye anayemjengea kibanda cha makuti mabichi cha kukaa siku zile za mwali, na harusini naye ana zamu yake na zawadi zake. Shughuli ambayo mjomba hakutokea ina pengo ambalo kila mgeni analiona, na watu watauliza.

Halafu kuna ndoa za mabinamu. Watamil nao wana baba mkubwa na baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo, na watoto wa hao ni ndugu kabisa, hawaoani. Mtoto wa mjomba au wa shangazi ndiye anayeoleka, na kwa vizazi vingi ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza. Sisi tunasema "binamu nyama ya hamu" na kucheka; kule ulikuwa mpango wa ukoo. Kwa hiyo kaka na dada wakigombana, si wao tu waliopoteza. Wameufunga mlango ambao watoto wao wangepitia.

Filamu inalisema hili waziwazi katika wimbo wake mashuhuri, wa kubembeleza watoto, ulioandikwa na Kannadasan na kuimbwa na T. M. Soundararajan na P. Susheela. Raju anambembeleza mwanawe, Radha naye wake, na ugomvi umesimama katikati yao. Dada anamsimulia mtoto jinsi kaka alivyomlea chini ya mbawa zake kama binti yake mwenyewe. Na katikati ya wimbo mtoto anaambiwa amezaliwa aje amuoe binti wa shangazi yake. Shangazi mwenyewe ni Radha, huyohuyo wasiyesemezana naye. Asiyejua desturi atasikia wimbo mtamu tu. Mtamil anasikia ahadi inayovunjika.

Mwaka 1962 Bhimsingh aliirudia kwa Kihindi kwa jina Rakhi, akiwa na Ashok Kumar na Waheeda Rehman. Jina lile si bure: kaskazini mwa India dada humfunga kaka uzi uitwao rakhi mkononi kila mwaka, kwa hiyo mtazamaji wa huko alipewa uzi anaoujua mahali pa mjomba asiyemjua vile.

Chini ya mapenzi yote haya, hata hivyo, kuna mali. Mali ya ukoo ilikwenda kwa watoto wa kiume. Binti aliondoka na mahari aliyotoa baba yake, na baada ya hapo haki yake nyumbani kwao ilikuwa ni kaka: zawadi za sikukuu, dhahabu ya mtoto, mchango wa harusi. Kaka mwema alikuwa ndiyo urithi wake. Ukilijua hilo, kitendo cha Radha kumkabidhi Raju akiba yake yote kinatisha kidogo: amebaki na kaka tu.

Sheria ilibadilika polepole. Tarehe 25 Machi 1989 jimbo la Tamil Nadu liliwapa mabinti haki sawa na ndugu zao wa kiume katika mali ya ukoo wa Kihindu. Waziri mkuu wa jimbo alikuwa M. Karunanidhi, ambaye mwaka 1952 aliandika mazungumzo ya Parasakthi, filamu ya kwanza ya Sivaji, nayo ikihusu dada na kaka zake waliopoteana. Ila sheria hiyo haikuwagusa waliokuwa wameshaolewa kabla ya siku ile. Wanawake walioitazama Pasamalar wakiwa wanandoa wapya mwaka 1961 walisubiri mpaka sheria ya India nzima ya mwaka 2005, wakiwa na umri wa bibi.