TAZARA haikutandikwa yote kwa mikono, ila mikono haikukosa kazi

Pale stesheni ya Mbeya, treni ikichelewa, hakosekani mtu wa kuwahadithia wenzake jinsi TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilivyojengwa. Mengi ni matamu. Si yote ya kweli.

“Mjerumani alianza, Mchina akamalizia.” Hapana. Mjerumani alijenga reli ya Tanga, kisha Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Huku kwetu hakufikisha hata taruma moja, yaani boriti inayolazwa chini ya reli. TAZARA ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, ikakabidhiwa Julai 1976.

“Wachina wale walikuwa wafungwa.” Uvumi mtupu. Walikuwa wahandisi, mafundi na wafanyakazi waliotumwa na serikali yao, wakifanya kazi pamoja na maelfu ya Watanzania na Wazambia. Wapo waliofia kazini, na makaburi yao yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

“Reli yote ilibebwa mabegani.” Hapa tuende taratibu. Kubeba kwa mikono ni habari za enzi za Mjerumani: mataruma yanapangwa moja moja, reli inanyanyuliwa na kundi zima, mtu anapita na kipimo cha upana kabla haijafungwa. Reli ya TAZARA ina kilo 45 kwa kila mita. Kipande cha mita 12.5 kinapita kilo 560, na hapo hujagusa taruma la zege. Kwa hiyo reli zilifungwa juu ya mataruma huko kambini, vipande vikapakiwa kwenye treni, na mashine ikavishusha kimoja mbele ya kingine. Treni ikawa inasogea juu ya njia iliyotandikwa muda huohuo.

Mikono ilikuwa na kazi nyingine: kukata milima na kuchimba mahandaki kati ya Mlimba na Makambako, kukaza boliti, kushindilia kokoto, na kunyoosha njia.

Huko kwenye kunyoosha ndiko wimbo unakopata kazi. Wapo wanaodhani vibarua wa reli waliimba ili kujifurahisha tu. Hebu jaribu kusogeza njia kwa mtaimbo peke yako! Genge zima linachomeka mitaimbo chini ya reli, mnyapara anainama mbali kidogo, jicho usawa wa chuma, na wimbo unawapa wote sekunde moja ya kuvuta. Atakayewahi kabla ya wenzake anajichosha bure.

Kokoto nazo si za kuzuia majani tu. Zinasambaza uzito wa treni na kupitisha maji, na kwa mvua za Mbeya tunajua maana yake.

Na ile mianya kwenye viungio, ambayo wengine huiita uzembe wa fundi, iliachwa kwa kipimo. Chuma kilichopoa asubuhi ya Julai pale Uyole hurefuka jua likiwaka. Kikikosa nafasi, njia hupinda kama nyoka. Tak-tak, tak-tak unayoisikia usiku ukielekea Tunduma ni gurudumu linavuka mianya hiyo.