Weusi hawakuanza mwaka 2018

Kwenye mabenchi ya vibanda umiza vya Ngamiani, Tanga, wapo wanaoshikilia kwamba mtu mweusi aliingia katika filamu za kisayansi za mapigano mwaka 2018, ilipotoka Black Panther. Sivyo. Tangu 1966, Nichelle Nichols aliigiza katika tamthilia ya Star Trek kama Uhura, afisa wa mawasiliano ambaye jina lake limetokana na neno letu wenyewe, uhuru. Kilichoitofautisha Black Panther na filamu nyingi za aina hiyo ni kwamba karibu wahusika wakuu wote, pamoja na mwongozaji Ryan Coogler, walikuwa weusi, na jenerali wao, Okoye, ni mwanamke mwenye kipara anayelivua wigi na kumrushia adui usoni. (Lugha ya Kiafrika wanayozungumza wahusika hao, kwa wanaobisha, ni Kixhosa, si Kiswahili.)