Je, wajua kwa nini bastola halali Vermont inaweza kuwa kesi New York?

Mtu mzima wa Vermont asiye na rekodi ya jinai anaweza kuchomeka bastola kiunoni, akashusha shati juu yake na kwenda dukani. Haombi kibali, hasomi darasa lolote, halipi ada. Akivuka mpaka kuingia jimbo jirani la New York na bastola ile ile, anaweza kushtakiwa. Huko, anayetaka kubeba bastola kwa kificho lazima awe na miaka 21, asome saa 16 ana kwa ana na mkufunzi, atumie saa 2 nyingine kufyatua risasi uwanjani, afaulu mtihani wa kuandika kwa asilimia 80, ahojiwe na ofisa wa leseni na alete watu 4 wa kumdhamini tabia.

Kwetu Afrika Mashariki tumezoea leseni ya silaha kutolewa na mamlaka ya taifa. Marekani haina kibali cha taifa cha raia kubeba bastola. Sheria ya shirikisho husema nani haruhusiwi kabisa kumiliki silaha. Mengine mengi huamuliwa na kila jimbo, na kila jimbo lina historia yake.

Vermont iliamua mapema. Mji wa Rutland uliwahi kutaka abebaye bastola apate kwanza ruhusa ya meya au mkuu wa polisi. Mwaka 1903 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaifuta amri hiyo, kwa kuwa katiba ya Vermont huwapa wananchi haki ya kubeba silaha kujilinda. Tangu hapo hakujakuwa na kibali chochote cha kuomba.

New York ilikwenda upande wa pili. Kwa sheria ya Sullivan ya 1911 leseni ikawa lazima, na baadaye mwombaji alipaswa kuonyesha sababu ya pekee ya kuhitaji silaha. Kuogopa vibaka hakukutosha. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Bruen, ililifuta sharti hilo kwa kura 6 dhidi ya 3. Hapo ndipo zilipozaliwa zile saa 18 za mafunzo. Ofisa aliponyang'anywa uwezo wa kukataa kwa hiari yake, jimbo liliweka mafunzo marefu mlangoni. Naona ni ujanja wa kisheria, ingawa masomo yenyewe yana maana: kutunza silaha nyumbani, mahali isikoruhusiwa, kutuliza ugomvi, kuzuia kujiua, na lini sheria humkubali aliyeua kwa kujihami.

Mtihani wa kulenga shabaha haustahili hofu inayoambatana nao. Texas, kwa mfano, hutaka risasi 50 kutoka yadi 3, 7 na 15, na alama 175 kati ya 250 zinatosha kufaulu. Yadi 3 ni chini ya mita 3.

Tena Texas haidai leseni ya kubeba bastola tangu Septemba 2021. Kufikia 2024, majimbo 29 hayakuwa yakiilazimisha. Hata hivyo watu wanaendelea kujiandikisha, kwa sababu za vitendo: majimbo kadhaa huitambua leseni ya Texas, na sheria ya shirikisho huzuia bastola yenye risasi barabarani ndani ya futi 1,000 za shule, isipokuwa kwa mwenye leseni ya jimbo husika.

Kwa ndugu zetu walioko huko, hali ya uhamiaji huja kabla ya darasa lolote. Mwenye grini kadi anaweza kumiliki bunduki. Aliyeingia kwa viza ya masomo au ya utalii kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, ila kwa misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, na kosa hilo ni la shirikisho, Vermont ikiwamo.